Pesa Imetoka, Kadi Iko Mfukoni: Nani Athibitishe?

Mwezi Septemba 1992, konstebo mmoja wa polisi wa mkoa wa Cambridgeshire, Uingereza, alirudi nyumbani kutoka likizo akakuta akaunti yake haina kitu. Akaomba taarifa ya akaunti. Ilionyesha kwamba pesa zilitolewa mara 6 kwenye mashine, jumla pauni 460, na yeye hakukumbuka kutoa hata moja kati ya hizo. Akaenda kulalamika Halifax, taasisi iliyomtunzia pesa zake. Halifax haikumrudishia. Msimamo wake ulikuwa kwamba mashine hazikosei, kwa hiyo aliyetoa ni yeye mwenyewe na malalamiko yake ni njama ya kujipatia pesa kwa udanganyifu. Akashtakiwa. Mwaka 1994 alitiwa hatiani na kusimamishwa kazi. Alikuja kusafishwa mwaka 1996 kwa rufaa, baada ya Halifax kukataa kumfungulia mtaalamu wa utetezi mifumo yake ya kompyuta aikague, na mahakama nayo ikakataa kupokea ushahidi wa kompyuta usiokaguliwa.

Hoja iliyomtia hatiani konstebo yule haijafa. Mteja akifika kaunta ya benki leo, awe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, akasema pesa imetoka na kadi anayo mkononi, jibu la kwanza analopewa mara nyingi ni kwamba namba yake ya siri ilitumika. Laweza kutamkwa kwa upole, tena na mhudumu mwenye huruma ya kweli, lakini maana yake ni ile ile: ulitoa mwenyewe, au ulimpa mtu, au ulizembea. Mteja huondoka akijiuliza ni mtoto gani wa nyumbani aliyemchungulia. Wapo waliogombana na wake zao, waume zao na ndugu zao kwa pesa iliyochotwa na mtu wasiyemjua, aliye mji mwingine kabisa.

Mashauri ya kujilinda na wizi wa kunakili kadi yanahitajika, na mengine nitayatoa hapa. Lakini kujilinda kunakoishia kwenye kuziba vitufe kwa mkono ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuelewa kadi inanakiliwa vipi, ili siku pesa ikitoka uwe na swali la kuiuliza benki, swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kukutazama usoni na kukuambia ulizembea.

Tuanze na ule mstari mweusi nyuma ya kadi. Ni utepe wa sumaku, wa jamii moja na utepe uliokuwa ndani ya kaseti za muziki. Wahandisi wa IBM waliuweka kwenye kadi katika miaka ya 1960. Njia yake inayosomwa zaidi na mashine za benki haibebi zaidi ya alama 40: namba ya kadi, mwezi na mwaka wa kuisha, msimbo wa huduma (tarakimu zinazoiambia mashine kadi ni ya aina gani), na tarakimu chache za uthibitisho. Hizo hazibadiliki tangu siku unakabidhiwa kadi hadi siku inaisha muda wake. Kila mashine unayoipitishia kadi inazisoma zote, na chochote kinachoweza kuzisoma kinaweza kuziandika upya juu ya kadi tupu. Mwizi wa mstari ni sawa na yule anayebana ufunguo wako kwenye kipande cha sabuni: wewe unaondoka na ufunguo wako mfukoni, hujui kwamba wa pili umeshachongwa.

Wizi huu haukuanza na vifaa vya hali ya juu. Mwaka 1993, katika jengo la maduka la Buckland Hills, mji wa Manchester, jimbo la Connecticut, Marekani, wezi walileta ATM iliyokwisha kutumika, wakaisimamisha humo kama mashine nyingine yoyote. Watu wakaja, wakaingiza kadi, wakabonyeza namba za siri. Mashine ikahifadhi kila kitu, na baadaye kadi za bandia zikaanza kuchota pesa kwenye mashine halali. Hakuna mteja wa mashine ile aliyezembea. Walifanya kila walichofundishwa.

Siku hizi mwizi hana haja ya kuleta mashine nzima. Ana kinasa, kipande cha plastiki kilichotengenezwa kifanane na mdomo wa ATM, kinachopachikwa juu yake kwa sekunde chache. Vipo vinasa vyembamba zaidi vinavyosukumwa ndani kabisa ya tundu la kadi, ambavyo huvioni hata ukimulika tochi. Ili apate namba ya siri, mwizi huficha kamera yenye tundu dogo juu ya vitufe, pembeni ya kioo, au ndani ya kibao kinachoonekana ni sehemu ya mashine. Mwingine hulaza vitufe bandia juu ya vile halisi. Madukani kuna gamba la plastiki linalofunika mashine nzima ya malipo. Mwenzake anamuuliza keshia bei ya kitu kilicho rafu ya nyuma, na keshia akigeuka tu, gamba limeshakaa.

Mwaka 2015 mwandishi wa habari za usalama wa mitandao, Mmarekani Brian Krebs, alizunguka Cancún na miji jirani ya pwani ya Meksiko akiwa na simu tu, akitafuta mawimbi ya Bluetooth yenye jina Free2Move. Kila alipoliona karibu na ATM, alijua ndani ya mashine hiyo kuna kifaa kimefichwa. Vile havikuwa vimebandikwa nje. Vilikuwa vimefungwa ndani ya mashine, kwenye nyaya za kisomea kadi na vitufe, ili mwizi apite baadaye na simu yake akusanye kadi na namba za siri bila kugusa chochote. Watalii walioishika ile mashine, wakautikisa mdomo wake, wakaziba vitufe kwa mkono, hawakuokoka. Ndiyo maana sikubali mahubiri yanayomtupia mteja mzigo wote.

Sasa chipu. Kile kipande cha rangi ya dhahabu mbele ya kadi ni kompyuta ndogo. Ina siri ambayo haitoki nje. Mashine inapoiuliza, chipu hufanya hesabu kwa kutumia siri ile na kutoa jibu linalofaa kwa muamala huo mmoja tu. Anayelinasa jibu la leo hawezi kulitumia kesho. Wezi wamejaribu kutumbukiza utando mwembamba ndani ya tundu ili wasikilize mazungumzo ya chipu na mashine, lakini wanachokipata hakitoshi kuunda chipu nyingine. Wanachoweza kujaribu ni kuyahamishia yale waliyoyanasa kwenye mstari wa sumaku wa kadi bandia. Na hapo benki ina namna ya kuwakamata, kwa sababu tarakimu za uthibitisho zilizo kwenye mstari ni tofauti na zile za kwenye chipu. Tena msimbo wa huduma ulio kwenye mstari huanza na 2 au 6 kuiambia mashine kwamba kadi hii ina chipu, isiipitishe kwa mstari. Benki inayokagua mambo haya mawili humzuia mwizi mlangoni. Isiyokagua humwachia apite, kisha humuuliza mteja alikuwa wapi.

Kadi karibu zote zinazotolewa na benki zetu leo zina chipu. Lakini nyingi bado zina na mstari, nyuma. Ulibakizwa kwa ajili ya mashine za zamani, na kwa ajili ya safari za nchi ambazo zilichelewa kubadilika. Uingereza ilihamia kwenye chipu na namba ya siri kikamilifu tarehe 14 Februari 2006. Wezi hawakuacha kazi. Walizidi kuzinakili kadi za Waingereza na kwenda kuzitumia nchi ambazo mashine zake zilikuwa bado zinasoma mstari. Marekani ilisubiri hadi Oktoba 2015 ndipo kanuni za Visa na Mastercard zikaanza kuwabebesha hasara wenye maduka wasio na mashine za chipu, na vituo vya mafuta vikaongezewa muda hadi Aprili 2021. Kwa miaka yote hiyo, sheli za Marekani zilikuwa shamba la wezi wa kadi. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba kuanzia 2024 benki za sehemu kubwa ya dunia hazitalazimika tena kuweka mstari, kwamba kadi mpya zitakazotolewa kuanzia 2029 hazitakuwa nao, na kwamba mwaka 2033 utakuwa umetoweka kabisa kwenye kadi zake. Kwa maneno mengine, kampuni za kadi zenyewe zinakiri kuwa kitu hiki ni kibovu, ila tutaendelea kukibeba mfukoni kwa miaka kadhaa.

Mahali ambapo ubovu huo unaniumiza zaidi ni kwenye kadi za EBT za Marekani, zile zinazoingiziwa msaada wa serikali, na hapa nawaandikia hasa ndugu zetu Wakongo. Kongo ilikuwa nchi inayoongoza, au karibu na kuongoza, kwa wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka kadhaa hadi 2024, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zilianza maisha kule zikinunua chakula kwa msaada wa serikali unaoingizwa kwenye kadi hiyo. Wakati benki zote kubwa za Marekani zimewapa wateja wao kadi za chipu, kadi za EBT ziliachwa na mstari peke yake. Mwenye akaunti nene akapewa kadi ngumu kuibiwa, na mama anayenunua maziwa na mchele wa mwezi akapewa ile inayonakilika kwa kifaa cha bei rahisi.

Wezi wanajua kwamba msaada huingia tarehe maalum ya mwezi. Wananakili kadi dukani, wanatulia, na usiku ule pesa inapoingia wanaichota ndani ya dakika chache, mara nyingi katika jimbo jingine kabisa. Mama anafika dukani asubuhi na mkokoteni umejaa, anaambiwa salio ni sifuri. Na tofauti na mteja wa benki, sheria haimlindi. Sheria ya mwaka 1996 iliyobadilisha mfumo wa misaada iliziondoa kadi hizi kwenye ulinzi wanaoupata wenye kadi za kawaida. Bunge la Marekani liliruhusu msaada ulioibwa urudishwe kwa wizi uliotokea kati ya tarehe 1 Oktoba 2022 na 20 Desemba 2024. Muda ule ulipokwisha, mlango wa fedha za serikali kuu ukafungwa. California ilikuwa jimbo la kwanza kuanza kutoa kadi za EBT zenye chipu, mapema 2025. Majimbo mengi bado hayajafika huko.

Kwa hiyo kama una kadi hiyo, au una shangazi au jirani anayeitumia na Kiingereza kinampa shida, msaidie kufanya mambo mawili. Abadilishe namba ya siri kila mwezi siku moja au mbili kabla msaada haujaingia, ili namba iliyonaswa mwezi uliopita isifae kitu. Na kama jimbo lake linatoa programu ya simu inayoruhusu kufunga kadi, aifunge muda wote, aifungue akiwa dukani, aifunge tena akimaliza, na azuie matumizi ya nje ya jimbo. Namba kama 1111 au 1234 ziachwe kabisa, maana wezi huanza na hizo. Najua ni usumbufu kwa mtu mwenye watoto wanne na kazi ya zamu ya usiku. Ni usumbufu ambao serikali ilipaswa kuumaliza kwa kumpa kadi yenye chipu.

Nirudi kwa mteja wa kawaida wa benki, huku kwetu na kule ughaibuni. Katika yote yanayoshauriwa, moja ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine: funika vitufe kwa mkono wako wa pili, kila mara, hata ukiwa peke yako kwenye chumba cha ATM na mlinzi unamfahamu. Hujifichi kwa mtu aliye nyuma yako. Unajificha kwa kamera usiyoiona iliyo juu yako. Mstari bila namba ya siri hautoi pesa kwenye ATM, na kamera ndiyo njia rahisi na ya kawaida ya kuipata namba hiyo. Vitufe vikikaa juu kuliko kawaida au vikiwa vinabonyea kama mpira, acha. Mdomo wa kadi ushike uutikise. Ukicheza, acha, na umweleze mlinzi au benki. Ila usijidanganye kwamba usipocheza uko salama, kwa sababu vile vinasa vya ndani havichezi.

Pendelea mashine iliyo ndani ya ukumbi wa benki au ukutani pake, saa za kazi, kuliko ile iliyo peke yake nje ya baa. Wanaoweka vinasa hupenda jioni ya Ijumaa na siku za sikukuu, wanapojua hakuna fundi wala meneja wa tawi atakayepita. Kadi ikimezwa, usiondoke hapo kabla hujapiga simu benki ikafungwa, na namba ya simu itoe nyuma ya kadi nyingine au kwenye programu yako, kamwe usipige iliyobandikwa kwa karatasi juu ya mashine. Na yule kijana mkarimu anayejitokeza kukwambia uingize namba ya siri tena huku anatazama, mshukuru na umwombe asogee. Huku kwetu wanaobadilisha kadi ya mzee kwa kadi nyingine inayofanana nayo, kwa mkono mwepesi, wanaiba bila kinasa chochote.

Madukani na hotelini, kadi isiondoke machoni pako. Mhudumu akitaka kuichukua kwenda nayo kaunta, mwambie tu, "Dada, naomba ulete mashine hapa mezani," au nyanyuka umfuate. Hakuna ukosefu wa adabu hapo. Mhudumu akisema chipu imegoma na kutaka kuipitisha kadi kwa mstari, kataa, lipa kwa simu au kwa pesa taslimu. Wezi hufurahia sana mashine inayokubali kurudi kwenye mstari chipu inaposhindwa, maana wanaweza kutengeneza kadi yenye chipu mbovu makusudi. Kugusisha kadi ni salama kuliko kuipitisha, kwa sababu hapo pia jibu la chipu ni la muamala mmoja. Zile pochi zinazouzwa kwa bei kubwa kwamba zinazuia wezi wa mawimbi barabarani, sioni sababu ya mtu kuzinunua. Kadi inasomeka kwa umbali wa sentimita chache tu, na kinachoweza kunaswa hakitoshi kuunda kadi ya pili. Pesa hiyo wanunulie watoto kitu.

La maana zaidi kuliko pochi ni kupunguza kinachoweza kuibwa. Kadi unayotembea nayo iwe ya akaunti yenye matumizi ya wiki au mwezi, na akiba ikae kwenye akaunti isiyo na kadi. Iombe benki ishushe kiwango cha juu cha kutoa kwa siku. Omba ujumbe wa simu kwa kila muamala, hata wa shilingi elfu, na ukibadilisha laini ya simu usisahau kuwapa namba mpya, kwa sababu watu wengi hugundua wizi mwishoni mwa mwezi kwa kuwa ujumbe ulikuwa ukienda kwenye laini waliyoitupa. Kama husafiri, omba kadi izuiwe kutumika nje ya nchi. Na uliza kama benki inaweza kuuzima mstari wa sumaku kwenye kadi yako. Mhudumu wa kwanza huenda asielewe. Mwombe amwite anayeshughulikia kadi.

Kuna unakili mwingine ambao chipu haiugusi kabisa, nao hufanyika kwenye ukurasa wa malipo mtandaoni. Kati ya tarehe 21 Agosti na 5 Septemba 2018, wateja wa British Airways walionunua tiketi kwenye tovuti halisi ya shirika hilo, si ya bandia, walikuwa wakiandika namba za kadi zao mbele ya mwizi. Mistari 22 tu ya programu ilikuwa imechomekwa kwenye ukurasa, na mteja alipobonyeza kulipa, nakala ya alichokiandika, pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, ilikwenda kwingine. Zaidi ya watu 400,000 waliguswa na uvamizi ule, na mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 20. Hapo mteja hana mdomo wa mashine wa kutikisa.

Kinachosaidia mtandaoni ni kutumia namba isiyo na thamani baada ya malipo. Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia simu, kama ile ambayo Safaricom na Visa waliianzisha kwenye M-Pesa mwaka 2022, zinakuruhusu kulipia kitu bila kuitoa namba ya kadi yako ya benki, na tarakimu zake za siri hazidumu. Tovuti inayokutaka uthibitishe kwa namba inayotumwa kwenye simu yako ina kinga ya ziada, mradi usimsomee mtu namba hiyo akikupigia na kujiita ofisa wa benki.

Tuseme sasa umefanya yote na pesa imetoka. Funga kadi kwanza, kwa simu au programu, kabla ya kumweleza mtu yeyote. Usiitupe kadi wala kuikata, kwa sababu kadi hiyo iliyo mkononi mwako ni ushahidi kwamba haikupotea. Tafuta kinachoonyesha ulikuwa wapi saa ile: tiketi ya basi, sahihi ya kazini, risiti ya hospitali. Ripoti polisi upate namba ya taarifa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ni jambo la benki na mteja wake tu. Kisha nenda benki na swali hili: muamala huu ulisomwa kwa chipu au kwa mstari?

Jibu lipo. Ujumbe unaosafiri kutoka kwenye mashine hadi benki hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 8583, na ndani yake kuna tarakimu zinazoeleza kadi iliingizwaje. Kwa kawaida 05 ni chipu, 07 ni kugusisha, 90 ni mstari wa sumaku, 80 ni mstari uliosomwa baada ya chipu kushindwa, na 01 ni namba iliyoandikwa kwa mkono. Rekodi hiyo haipo kwenye taarifa unayochapishiwa kaunta, lakini kitengo cha kadi makao makuu kinaiona. Ikiwa ni 90 au 80, na kadi yako ina chipu nzima unayoitumia kila siku, basi benki imeruhusu yenyewe kadi ya bandia ipite, na katika sehemu kubwa ya dunia kanuni za Visa na Mastercard hupeleka hasara kwa benki ya upande wa mashine, ikiwa mashine hiyo haina uwezo wa kusoma chipu. Mzozo huo ni wao kwa wao. Wewe humo hauhusiki.

Ikiwa ni chipu, nakubali kwamba hali ni nyingine, na inabidi ufikirie kwa ukweli kama kadi iliwahi kuondoka kwako au kubadilishwa. Hata hapo, rekodi ya kwamba namba ya siri ilikubaliwa haimalizi mjadala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha mwaka 2010 kwamba kadi ya chipu iliyoibwa iliweza kutumika dukani bila mwizi kujua namba ya siri, huku risiti ikiandika kuwa namba imethibitishwa.

Mahakama na mabunge ya wenzetu yalishafika kwenye jambo hili. Mwaka 1980 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Judd dhidi ya Citibank, ilikataa hoja ya benki kwamba mashine yake haiwezi kukosea na kwa hiyo mteja ndiye mwenye deni la kuthibitisha. Sheria ya Marekani huitaka benki ndiyo ithibitishe kwamba muamala uliidhinishwa na mteja, ingawa ukikaa kimya zaidi ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti, hasara inayofuata inaweza kuwa yako. Umoja wa Ulaya uliandika kwenye maelekezo yake ya huduma za malipo ya mwaka 2007 kwamba kumbukumbu ya kifaa cha malipo kutumika si lazima itoshe peke yake kuthibitisha kwamba mteja aliidhinisha au alizembea. Uingereza, nchi iliyompeleka konstebo mahakamani, leo humbebesha mteja asiye na uzembe mkubwa pauni 35 tu, na humpa hadi miezi 13 ya kulalamika. Benki zilipojua kwamba hasara ni yao, zikapata sababu ya kuwekeza kwenye mashine na ukaguzi. Afrika Mashariki nasi tunastahili kifungu cha wazi kama hicho cha Ulaya, kiandikwe kwenye kanuni za benki kuu zetu kwa lugha ambayo mteja anaweza kuisoma kaunta kwa sauti.

Kwa sasa tuna njia ya malalamiko, na itumike. Tanzania, Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mlaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki ipokee na kushughulikia lalamiko la mteja, na usiporidhika unaweza kulifikisha Benki Kuu. Benki Kuu ya Kenya nayo hupokea malalamiko ya wateja. Wengi hukwama kwa sababu walilalamika kwa mdomo, wakaambiwa warudi Jumatatu, wakarudi, wakaambiwa aliyeshika faili yuko likizo.

Andika barua ya ukurasa mmoja. Taja namba ya akaunti, tarakimu nne za mwisho za kadi, tarehe, saa na kiasi cha kila muamala unaoukana. Eleza kwamba kadi iko nawe na ulikuwa wapi. Omba uandikiwe jinsi kadi ilivyosomwa katika kila muamala, mashine ilikuwa wapi na ni ya benki gani, na picha za kamera za mashine hiyo zihifadhiwe kabla hazijafutwa. Omba jibu kwa maandishi. Chapisha nakala mbili, peleka tawini kwako mapema asubuhi, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe na jina la aliyeipokea.